Miaka 150 ya Umoja wa Akina Mama: Kumbukumbu ya Mary Sumner

Mwaka 2026 Umoja wa Akina Mama wa Kanisa Anglikana, ambao wengi wanaujua kwa jina la Mothers' Union, unatimiza miaka 150. Aliyeuanzisha hakuwa na cheo kanisani wala mshahara. Alikuwa mke wa kasisi, mama wa watoto 3, na bibi aliyekuwa amepata mjukuu wake wa kwanza.

Mary Heywood alizaliwa tarehe 31 Desemba 1828 huko Swinton, karibu na Manchester, Uingereza. Mwaka 1848 aliolewa na George Sumner, mtoto wa Askofu wa Winchester, na kuanzia 1851 wakaishi Old Alresford, parokia ya mashambani. Hapo alilea watoto na kumsaidia mumewe kazi ya kanisa.

Binti yake mkubwa alipojifungua mwaka 1876, Mary alikumbuka hofu iliyompata yeye mwenyewe alipompakata mtoto wake wa kwanza bila kuandaliwa kwa malezi. Akawaita kina mama wa parokia nyumbani kwake, matajiri kwa maskini. Siku ilipofika akashindwa kusema. Akawaomba warudi wiki iliyofuata. Walirudi, naye akawaambia kuwa malezi ni wito kutoka kwa Mungu. Hivyo ndivyo Umoja ulivyoanza, na wanachama walipewa kadi ya ahadi. Mke wa tajiri na mke wa kibarua kukaa kikao kimoja halikuwa jambo dogo katika Uingereza ya wakati ule.

Mlango ulifunguka mwaka 1885 katika Kongamano la Kanisa mjini Portsmouth. Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alimwachia Mary nafasi yake ya kuhutubia wanawake, na Askofu Harold Browne akaufanya Umoja kuwa chombo cha Dayosisi ya Winchester. Kufikia 1892 ulikuwa na wanachama 60,000 katika dayosisi 28. Baraza Kuu lilipoundwa mwaka 1896, Mary alichaguliwa rais, akaongoza hadi 1909, akiwa amevuka miaka 80. Alifariki tarehe 11 Agosti 1921 na kuzikwa Winchester.

Umoja haukukosa ukali. Kwa miongo mingi waliopewa talaka hawakukubaliwa kuwa wanachama. Kanuni hiyo ililegezwa miaka ya 1970. Leo una wanachama wapatao milioni 4 katika nchi zaidi ya 80, na wengi wao wako nje ya Uingereza, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, ambako kina mama hao huonekana katika ibada, misiba na ziara za wagonjwa.

Matawi yatakayosherehekea mwaka huu yasiishie kwenye sare mpya na keki. Kila tawi limtafute mama kijana aliyejifungua karibuni, limtembelee na kumsaidia kulea, kwa maana hiyo ndiyo kazi ambayo Mary Sumner aliuanzishia Umoja huu.