Wanafunzi wenye vipawa, Dubai

Mjini Dubai, Falme za Kiarabu, wanafunzi wengi wenye vipawa husoma madarasa ya kawaida pamoja na wenzao, na ni wajibu wa shule kuwatambua na kuwapa masomo ya kiwango chao. Tanzania ilishika njia nyingine: waliofaulu vizuri zaidi darasa la saba huchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala.

Mfumo wa ukaguzi wa shule wa Falme za Kiarabu, uliotolewa 2015, hutenganisha kipawa, yaani uwezo wa kuzaliwa ambao haujanolewa, na umahiri unaopatikana kwa mafunzo. Mgawanyo huo unajulikana sana kutokana na kazi ya Françoys Gagné, mwanasaikolojia wa Kanada. Shule inayotazama alama tu humwona mwenye umahiri, ikamkosa mwenye kipawa ambaye bado hajapata wa kumlea.

Dubai hatari hiyo ni kubwa. Wanafunzi wengi wako katika shule binafsi, zaidi ya 200, zenye mitaala ya Uingereza, India, Marekani na kwingineko, na watoto huingia na kuhama wakifuata kazi za wazazi. Mtoto aliyetua juzi kutoka Mombasa, Kiingereza chake kikiwa bado cha kusitasita, akipewa hesabu ya mafumbo huonekana wa kawaida. Mpe mfuatano wa maumbo atafute kinachokosekana, huenda akamaliza wa kwanza. Ndiyo maana jaribio la CAT4, linalotumika sana huko, hupima maumbo pamoja na maneno na namba.

Baada ya kutambuliwa, wengi huharibiwa na kosa moja la kila siku. Mtoto amemaliza hesabu kumi kwa dakika tano, mwalimu anamwongezea kumi nyingine za aina ile ile. Anajifunza kwamba kuwahi ni kujitafutia adhabu, naye huanza kujikokota. Alihitaji swali moja tu lenye kina: kanuni hii hushindwa wapi, na kwa nini?

Nje ya madarasa ipo taasisi iliyotokana na tuzo ya elimu aliyoianzisha Sheikh Hamdan bin Rashid Al Maktoum (1945–2021), naibu mtawala wa Dubai, mwaka 1998. Kutoka kutuza wanafunzi, walimu na shule, ilifikia kujenga kituo cha vipawa na ubunifu chenye karakana ya kidijitali, ambamo mtoto hukata mbao kwa leza na kuchapa kwa plastiki kifaa alichokichora mwenyewe. Hapo huonekana kipawa cha mikono, ambacho karatasi ya mtihani haikipimi.