Mvua Yenye Mbolea

Tangu utotoni nimefundishwa kwamba mvua ni baraka, na sijaacha kuamini hivyo. Lakini kisa cha Ghuba ya Chesapeake, katika pwani ya mashariki ya Marekani, kimenifanya niitazame kwa jicho jingine.

Ghuba hiyo ilisifika kwa chaza na kaa wake. Kufikia miaka ya 1970, majani yaotayo chini ya maji, ambamo kaa wachanga hujificha, yalikuwa yametoweka katika sehemu nyingi. Sababu kubwa ilikuwa shibe. Maji yalijaa nitrojeni na fosforasi, yaani mbolea. Mwani ukastawi kupita kiasi, ukayazibia majani mwanga wa jua, kisha ukafa na kuoza. Kuoza huko kukala oksijeni ya vilindini. Samaki aliweza kukimbia. Chaza, aliyeganda mahali pake, hakuweza.

Mwaka 1983 majimbo ya Maryland, Virginia na Pennsylvania, pamoja na jiji la Washington na serikali kuu, yalitia saini mkataba wa kuiokoa ghuba. Mwaka 1987 yakaahidi kupunguza mbolea hiyo kwa asilimia 40 ifikapo mwaka 2000. Macho yakaelekezwa kwenye mashamba, maji machafu ya miji na mito. Angani hayakuelekezwa sana.

Mwaka 1988 shirika la Environmental Defense Fund lilitoa ripoti iliyosema kuwa kiasi cha robo ya nitrojeni ya ghuba ilitoka hewani. Makadirio ya baadaye yalifika karibu theluthi. Moto mkali wa injini za magari na mitambo ya umeme huiunganisha nitrojeni ya hewa na oksijeni; samadi nayo hutoa amonia. Upepo huvibeba vyote, na mvua huvishusha.

Bonde linalomwaga mito yake ghubani lina ukubwa wa kilomita za mraba 166,000 hivi. Lakini eneo ambalo hewa yake huichafua ghuba ni takribani mara tisa ya hilo. Maana yake ni kwamba mvuvi wa Maryland alilipia moshi wa watu wasiopata kuiona ghuba yake, wala kuketi naye katika mkataba wowote.

Sheria ya hewa safi ya mwaka 1990 ililenga hasa mvua ya tindikali na moshi wa mijini. Hata hivyo, moshi ulipopungua, nitrojeni iliyonyesha nayo ikapungua. Lengo la mwaka 2000 halikufikiwa, na ghuba haijapona kabisa. Lakini majani yamerudi katika sehemu nyingi, nayo hewa ilichangia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi, kila niwashapo gari, najiuliza ni kitu gani nimekiweka katika wingu la mtu mwingine, na ni bahari ya nani itakayokipokea.