Majina ya Heshima ya Walimu na Mafundi katika Kichina

Wachina wa zamani walimwita mwalimu xiansheng, yaani "aliyetangulia kuzaliwa". Elimu na umri vilikwenda pamoja. Fundi aliitwa shifu, na namna moja ya kuliandika neno hilo ina alama ya "baba", kwani mwanagenzi alimtii bwana wake kama mzazi. Katika Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, walimu walidhalilishwa na wafanyakazi wa viwandani wakatukuzwa. Ndipo shifu lilipotoka karakanani, hata mtu asiyejulikana akaitwa hivyo njiani. Mambo yalipogeuka, laoshi, "mwalimu", lilipanda tena, likawafikia waandishi na wasanii wasiofundisha. Kumbe heshima ya jina haimo katika asili yake; hupanda na kushuka pamoja na wenye jina.