Damu, Ardhi na Kabila: Utafiti wa Selimundu Afrika Mashariki, 1949–1954

Historia ya mageuko ya binadamu katika Afrika Mashariki aghalabu husimuliwa kwa kuanzia kwenye visukuku vya Olduvai, yaani kwenye mabadiliko makubwa yaliyochukua mamilioni ya miaka. Makala hii inaanzia kwenye tone la damu. Hoja yake ni kwamba mfano wa mwanzo ulio wazi wa uteuzi asilia miongoni mwa binadamu wa karibuni ulipatikana katika eneo letu katikati ya karne ya 20, na kwamba mfano huo uliivuruga desturi ya kikoloni ya kuisoma damu kama cheti cha kabila.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu zinapopungukiwa na oksijeni. Daktari James Herrick wa Chicago ndiye aliyezieleza chembe hizo katika maandishi ya kitabibu mwaka 1910, alipomhudumia mwanafunzi kutoka Grenada. Kwa miongo kadhaa baadaye, madaktari wengi wa Marekani waliuona ugonjwa huu kuwa alama ya damu ya Kiafrika, kiasi kwamba mgonjwa Mzungu alipopatikana, ukoo wake ndio uliotiliwa shaka, si nadharia yao. Mtazamo huo ulifika Uganda. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba kiwango cha wabebaji wa jeni ya selimundu kilitofautiana sana baina ya jamii za nchi hiyo, na kwamba miongoni mwa Baamba kilifikia takriban asilimia 45. Tofauti hizo walizifafanua kwa makundi yaliyozoeleka wakati ule: Wabantu, Waniloti na wale walioitwa Wahamiti.

Mwaka huohuo Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Kenya, alishiriki msafara wa chuo chake kwenda Mlima Kenya na kukusanya sampuli za damu nchini. Alikuta wabebaji wakizidi asilimia 20 pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu zilizo kati ya maeneo hayo hawakufika asilimia 1. Mgawanyo huu haukufuata mipaka ya lugha. Wajaluo, ambao ni Waniloti, walifanana na majirani zao Wabantu wa ziwani kuliko Wabantu hao walivyofanana na Wakikuyu. Kilichofuatwa na jeni ni mbu.

Dhana hiyo ilijibu fumbo kongwe. Wakati ule, wengi waliorithi jeni hii kwa wazazi wote wawili walikufa kabla ya kupata watoto. Kwa nini basi jeni yenyewe haikutoweka? Huenda aliyeirithi kwa mzazi mmoja alipata kinga dhidi ya malaria. Si Allison peke yake aliyekaribia wazo hili, kwani E. A. Beet, akifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, alikwisha kuona mwaka 1946 kwamba wabebaji walikuwa na vimelea kwa uchache. Hata hivyo, Allison ndiye aliyerudi mwaka 1953 kulipima. Katika watoto 290 aliowachunguza Uganda, vimelea vilionekana kwa 12 kati ya wabebaji 43, na kwa 113 kati ya 247 wasio wabebaji. Yaani asilimia 27.9 dhidi ya asilimia 45.7.

Jaribio lake la pili halina budi kusimuliwa bila haraka. Wanaume 30 Wajaluo waliokuwa wameishi nje ya maeneo ya malaria kwa muda usiopungua miezi 18 waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha wakatibiwa. Nusu yao walikuwa wabebaji. Kati ya wasio wabebaji 15, 14 walipata maambukizi. Kati ya wabebaji 15, ni wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 na kumpatia Allison heshima anayostahili. Waliougua homa ili sayansi ijue jambo hili waliitwa watu wa kujitolea, lakini katika masimulizi mengi wamebaki tarakimu. Neno “kujitolea”, katika koloni iliyokuwa chini ya hali ya hatari, linahitaji uchunguzi ambao wanahistoria wa tiba wameuahirisha mno.

Tafiti za baadaye zilirekebisha picha hiyo: kinga hasa ni dhidi ya malaria kali utotoni. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 uliikadiria kuwa karibu asilimia 90. Kuhusu umri wa jeni, Frank Livingstone alidai mwaka 1958, kwa kutumia mifano ya Afrika Magharibi, kwamba kilimo kilipofyeka misitu kiliwapa mbu madimbwi yenye jua na watu wengi wa kuuma. Uchambuzi wa vinasaba wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba badiliko lenyewe lilitokea mara moja, miaka 7,300 hivi iliyopita. Katika historia ya binadamu, hiyo ni jana.

Je, badiliko hili dogo, la asidi amino moja kati ya 146, linatueleza lolote kuhusu mageuko makubwa? Kwa lenyewe, kidogo sana. Halikuzaa kiungo kipya wala spishi mpya. Lakini damu hiyohiyo inahifadhi kumbukumbu nyingine. Mwaka 1948 Janet Watson wa New York alieleza kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili mapema kwa sababu bado wana hemoglobini ya tumboni. Kwa komba, jeni inayolingana na ile ya hemoglobini hiyo hufanya kazi katika siku za mwanzo za kiinitete tu. Kwa nyani, sokwe na binadamu, huendelea hadi karibu na kuzaliwa. Hapo kilichobadilika si protini pekee, bali pia wakati wa jeni kuwaka na kuzimika katika ukuaji. Ndiyo maana dawa ya hydroxyurea, inayoamsha tena hemoglobini ya tumboni, huwapunguzia wagonjwa maumivu.

Zanzibar, ambako malaria imeshuka sana tangu katikati ya muongo wa 2000, faida ya kubeba jeni hii inazidi kupungua. Jeni yenyewe itachukua vizazi vingi kufuata, na kwa wazazi wawili wabebaji uwezekano wa kila mtoto kuzaliwa na selimundu ungali mmoja kati ya minne.