Toka foni mpaka telefone: namna tulijilindaka hapa Annexe



Mu mkutano uliopita vijana walituuliza: kabla ya telefone, mwizi akiingia usiku, watu walikuwa wanaita nani? Swali ni nzuri, njo maana tunaandika hii historia kidogo.

Annexe inazunguka mji wa Lubumbashi kama mukanda. Ukipita Katuba, Kampemba ao Rwashi, unaingia kwetu: Kasapa, Luwowoshi, Kalebuka, Kasungami. Majirani waliotutangulia wanasimulia kama mu miaka ya 1990 huku kulikuwa mashamba na vichuguu. Mwizi akikuja, walipigaka sufuria na filimbi: nyumba ya kwanza inapiga, ya pili inaitikia, mpaka avenue nzima inaamuka. Kuita polisi ilikuwa kutembea kwa miguu mu giza, na pengine kukutana na wale wezi mu njia. Habari ya ndugu wa mbali ilipita ku foni, na kila mtu mu mustari alisikia siri yako.

Celtel na Vodacom walianza kazi mu Kongo mwanzo wa miaka ya 2000. Sisi tulikuwa Zambia, mu kambi za Kala na Mwange. HCR ilianza kuturudisha mu 2007, na zile kambi zilifungwa mu 2010. Tulipofika Annexe, rezo ilikuwa nzuri mu mji, lakini huku pembeni ulipaswa kupanda juu ya kichuguu, mkono juu, kuitafuta.

Tarehe 7 Septemba 2011, watu wenye silaha walivamia gereza ya Kasapa, hapa hapa Annexe. Wafungwa zaidi ya 900 walitoroka, pamoja na Gédéon Kyungu Mutanga. Ile siku telefone ilitusaidia sana: «Funga mulango, usitoke.» Lakini telefone ile ile ilileta uongo pia, na watu walikimbia pasipo kujua wanakimbia nini.

Miezi tatu kiisha, tarehe 3 Desemba 2011, serikali ilikata mesaji mu inchi nzima sababu ya fujo ya uchaguzi. Zilikatika zaidi ya wiki tatu. Walisema ni kwa usalama. Lakini mesaji njo ilikuwa sauti ya maskini, sababu kupiga kunakula yunite mingi. Na kiziwi hapigi simu, anaandika.

Leo anteni ni mingi, lakini simu kulia si polisi kufika. Gari inaweza kukosa mafuta, mvua inaharibu njia. Wakati tunangojea, vijana wanajikusanya mbio, sababu simu inaita wote. Usiku mumoja walimukamata kijana, na matairi ilikuwa tayari. Mama mumoja, memba wetu, alisimama katikati akamuuliza: «Mwanangu, unaenda kwa nani?» Kijana akataja mujomba wake. Mama akapiga simu, mujomba akakuja mbio. Alikuwa mugeni tu aliyepotea njia. Leo ni muzima.

Kiisha ile usiku tulipatana hivi. Kila avenue iko na watu wawili wenye namba ya chefu wa kartiye na ya komisaria, zimeandikwa ku karatasi, sababu batri inaishaka. Anayepokea simu anauliza kwanza: «Umeona mwenyewe, ao umesikia?» Mwenye kukamatwa anapelekwa ku polisi akiwa muzima, hata kama ni mwizi kweli. Na filimbi inabaki ku mulango: umeme ukikatika murefu, anteni nayo inazimika.

Wafadhili, musaada wenu tunaomba uende ku filimbi, ku yunite, na ku paneli ya jua ya kuchajia telefone za walinzi. Memba, mukutano ujao mulete namba zenu. Avenue tatu hazijachagua watu wao.