Adi Yussuf: Straika mzaliwa wa Zanzibar aliyezunguka madaraja ya chini Uingereza

Na Mwandishi Wetu, Masasi

JUMAMOSI jioni katika vibanda vya kuonyeshea mpira mjini Masasi, na kule juu Newala kwenye uwanda wa Makonde, mabishano huwa ni yale yale: Arsenal, Manchester United, Chelsea, Liverpool. Yakigeukia Watanzania waliopata kucheza Uingereza, jina linalotajwa kwanza ni la Mbwana Samatta, aliyejiunga na Aston Villa Januari 2020, akafunga dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, kisha akafunga tena dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi, Machi mosi mwaka huo.

Lakini kabla Samatta hajakanyaga uwanja wa Villa, yuko Mtanzania aliyekuwa amekwisha kutumia miaka mingi nchini humo akilipwa kwa kazi ya kufunga mabao. Huyo ni Adi Yussuf, aliyezaliwa Zanzibar Februari 20, 1992. Hakupata kucheza Ligi Kuu, na sehemu kubwa ya maisha yake ya soka ameyatumia katika daraja la nne, la tano na la sita, mahali ambapo kamera za televisheni zinazotazamwa Masasi hazifiki.

Msomaji wa Kusini hahitaji maelezo marefu kuelewa madaraja hayo. Ndanda FC ya Mtwara, yenye jina linalojulikana vyema wilayani Masasi, ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2014/15 na kushuka mwishoni mwa msimu wa 2019/20. Aliyeifuata timu hiyo kupanda na kushuka anajua kwamba mpira una sakafu nyingi. Uingereza nayo ina sakafu zake, ila ni nyingi zaidi na zina watu. Klabu 20 ziko Ligi Kuu, na 72 zimegawanyika katika madaraja matatu yanayofuata, yaani Championship, League One na League Two. Chini ya hizo 92 iko National League, ambayo ni daraja la tano, na chini yake tena ziko ligi mbili za Kaskazini na Kusini. Katika daraja la sita wapo wachezaji wengi wanaofanya kazi nyingine mchana na mazoezi jioni.

Yussuf alihamia Uingereza akiwa bado mtoto na kukulia katika mfumo wa soka la vijana wa Leicester City. Safari yake hiyo ni kinyume cha ile ya mpira wenyewe. Mchezo huu unahesabiwa kuwa miongoni mwa vitu vilivyoingia Afrika Mashariki kwa mikono ya Waingereza kupitia chuo cha Kiungani, Zanzibar, kilichokuwa chini ya misheni ya UMCA. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyofika Masasi mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipokuja na kundi la watumwa walioachwa huru. Baada ya mashambulizi ya Wagwangwara mwaka 1882, sehemu ya kazi yake ikahamia Newala. Walimu wa shule za huku walitoka Kiungani, akiwamo Cecil Majaliwa, aliyesoma pia Canterbury, Uingereza, akatumikia Kitangali na kupewa upadre mwaka 1890. Kwa hiyo njia kati ya Zanzibar, Uingereza na uwanda wa Makonde haikufunguliwa na mpira, ingawa mpira umepita humo.

Leicester ilimpa Yussuf mkataba wa kulipwa akiwa kijana, lakini nafasi katika kikosi cha kwanza haikupatikana. Alipelekwa kwa mkopo Tamworth, na mwaka 2012 akaondoka. Mwaka huo huo Leicester ilimsajili straika mwingine kutoka Fleetwood Town, klabu iliyokuwa imetoka kucheza daraja la tano, kwa ada iliyotajwa kufikia pauni milioni moja. Straika huyo ni Jamie Vardy, ambaye miaka minne baadaye alitwaa na Leicester ubingwa wa Ligi Kuu, na msimu wa 2019/20 akawa mfungaji bora wa ligi hiyo kwa mabao 23. Kijana aliyelelewa na klabu alitoka nje ya mlango, na aliyetoka madaraja ya chini akaingia. Vardy alikuwa na umri wa miaka 25 wakati huo, Yussuf 20. Mfano wa Vardy hutajwa sana kuwapa moyo washambuliaji wa madaraja ya chini, lakini wanaofika alikofika ni wachache mno kulinganisha na wanaobaki.

Yussuf alikwenda Burton Albion ya League Two. Huko nako hakuwa chaguo la kwanza, na sehemu ya muda wake aliitumia kwa mkopo, ikiwamo Lincoln City. Neno hilo, mkopo, linastahili kuelezwa, kwa kuwa ndilo linaloongoza maisha ya straika wa ngazi hizi.

Mchezaji anapokopeshwa, mkataba wake unabaki kwa klabu yake, lakini miguu yake inakuwa mali ya klabu nyingine kwa mwezi mmodi, miezi mitatu au msimu mzima. Klabu hizo mbili hukubaliana nani alipe mshahara na kwa kiasi gani. Mchezaji hufunga begi, akahamia mji mwingine, akajifunza majina ya wenzake wapya, na mara nyingi hupewa mechi chache za kuonyesha uwezo. Beki akikopeshwa anaweza kusifiwa kwa utulivu. Straika hana bahati hiyo, kwani wake ni mizani ya mabao tu. Asipofunga katika mechi tano za mwanzo, benchi linamsubiri, na mkopo ukiisha anarudi kwa mwajiri ambaye tayari amekwisha kusajili mwingine katika nafasi yake. Mikataba mingi ya huko humalizika Juni. Kwa mkulima wa korosho wa Newala, anayejua kwamba mwaka mzima hutegemea bei ya mnada wa miezi michache, hali hiyo haiwezi kuwa ngeni sana.

Kilichomrudisha Yussuf juu ni kushuka chini zaidi. Msimu wa 2014/15 aliutumia Oxford City, katika daraja la sita. Klabu hiyo ya kusini mwa Uingereza ilikuwa imepangwa kucheza ligi ya Kaskazini, jambo lililowachekesha hata Waingereza wenyewe. Huko alipata kile ambacho straika huhitaji kuliko sifa, nacho ni kupangwa kila wiki. Alifunga mabao ya kutosha kuzivutia klabu za juu, na mwaka 2015 Mansfield Town ikamrejesha League Two. Ni hatua mbili kwa mpigo, na hazipandwi mara kwa mara na mtu aliyekwisha kuachwa na klabu kubwa.

Mambo hayakutulia. Msimu wa 2016/17 alipita Crawley Town kwa mkopo, kisha Grimsby Town, na mwaka 2017 akawa Barrow, mji wa viwanda vya meli kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, katika daraja la tano. Mwaka 2018 akahamia Solihull Moors, klabu ya jirani na Birmingham iliyoundwa mwaka 2007 kwa kuunganisha timu mbili ndogo.

Hapo ndipo ulipo msimu wake wa kukumbukwa. Katika msimu wa 2018/19 Solihull Moors, timu ambayo wengi hawakuitarajia, ilimaliza nafasi ya pili katika National League, pointi tatu nyuma ya mabingwa Leyton Orient. Lakini kutoka daraja hilo kwenda League Two hupanda timu mbili tu, bingwa na mshindi wa mchujo. Solihull ilitolewa nusu fainali ya mchujo na AFC Fylde kwa bao 1-0. Fylde nao wakafungwa fainali na Salford City. Msimu mzima wa kazi ukaishia kwenye bao moja, na klabu ikabaki ilipokuwa.

Hata hivyo, mabao ya msimu huo yalikuwa yamesikika Dar es Salaam. Machi 24, 2019 Taifa Stars ilikuwa imeifunga Uganda mabao 3-0 na kufuzu Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Kocha Emmanuel Amunike alipotaja wachezaji 23 wa kwenda Misri, Yussuf alikuwamo, pamoja na washambuliaji waliozoeleka kama Samatta, Simon Msuva, John Bocco na Thomas Ulimwengu. Mzaliwa huyo wa Zanzibar hakuwa na timu nyingine ya Visiwani ya kuichezea katika fainali hizo: Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa Shirikisho la Soka Afrika Machi 2017, ukafutwa Julai mwaka huo huo.

Stars ilifungwa na Senegal 2-0, Kenya 3-2 na Algeria 3-0, ikarudi nyumbani bila pointi. Lawama zilikuwa nyingi, na baadhi ziliangukia hoja kwamba wachezaji wa madaraja ya chini ya Ulaya hawana tofauti na wa Ligi Kuu ya hapa. Hoja hiyo ina uzito kidogo, lakini inasahau kwamba National League huchezwa mechi 46 kwa msimu, nyingine katika baridi na matope ya Januari, dhidi ya mabeki ambao nao wanapigania mkataba wa mwaka ujao. Hiyo ni shule ya aina yake, hata kama si ya kupendeza macho.

Kiangazi hicho cha 2019 Blackpool, iliyokuwa League One, ilimsajili. Ilikuwa ngazi ya juu kuliko zote alizopata kusajiliwa tangu aondoke Leicester, na haikumpa nafasi. Alirudishwa Solihull kwa mkopo, kisha akapelekwa Boreham Wood, ambako msimu ulikatizwa Machi 2020 na ugonjwa wa korona. Mwaka huo wa 2020 alijiunga na Wrexham ya Wales, inayocheza katika mfumo wa Uingereza. Februari 2021 klabu hiyo ilinunuliwa na waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney, na kuanzia 2023 ikapanda daraja mara tatu mfululizo. Yussuf hakuwapo kwenye sherehe hizo. Alikwisha kukopeshwa Chesterfield, na kufikia msimu wa 2021/22 alikuwa Yeovil Town.

Kwa kijana wa Masasi au Newala anayeota kufuata nyayo zake, swali ni kama mlango alioupitia upo. Jibu la kweli ni kwamba mlango huo ulikuwa wa mtoto aliyekwisha kuishi Uingereza. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika mazingira machache, mojawapo likiwa ni wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Akishapita umri huo, hukutana na kibali cha kazi. Tangu Januari 2021 mchezaji wa kigeni hupimwa kwa pointi zinazotokana na mechi za timu ya taifa na hadhi ya ligi anayotoka. Mwaka 2023 klabu ziliruhusiwa kusajili wachache wasiofikia pointi hizo, na kwa League One na League Two ni wawili tu kwa kila klabu. Wakala anayemwahidi kijana majaribio ya haraka Uingereza kwa malipo ya awali aulizwe kwanza habari za kibali hicho.

Ndiyo maana Stars imeendelea kuwatafuta Watanzania waliokulia huko huko. Katika fainali za Afrika zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024 walikuwamo beki Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth, na Tarryn Allarakhia. Stars ilitoka sare na Zambia 1-1 na DR Congo 0-0. Wakati huo Allarakhia alikuwa Wealdstone na Mnoga alikuwa Aldershot Town, zote za National League, daraja lile lile alikoitwa Yussuf mwaka 2019. Mnoga alikuwa huko kwa mkopo.