Mkono Usioinuka: Jinsi Watu Walivyojifunza Mishipa ya Bega

Mama mmoja alileta mtoto wake kubatizwa. Alipofunguliwa nguo tuliona mkono wake wa kuume ukining'inia kando ya mwili, umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Mkono wa pili aliurusharusha vizuri. Mtoto alikuwa mnene, naye alizaliwa kwa taabu: kichwa kilitoka, bega likakwama, ikabidi avutwe. Nyumbani kwao walikuwa wamekwisha kutaja jina la mlozi, nalo lilikuwa jina la bibi kizee mmoja asiye na mtu wa kumtetea. Ndiyo sababu leo tunaandika habari za bega. Watu walihitaji karne nyingi kufahamu mkono kama ule unaugua mahali gani.

Bega limefunikwa na msuli mnene wenye pembe tatu, ndio unaoinua mkono kwenda kando. Chini yake misuli minne midogo, itokayo kwenye mfupa wa kombe, inakishika kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake. Lakini nyama haina nguvu ya kujiamuru. Amri inatoka ubongoni, inashuka katika uti wa mgongo, na kutoka shingoni inapita katika mishipa ya fahamu. Mizizi yake ni mitano. Inachanganyika kama ukili unaosukwa, inapita nyuma ya mtulinga na kuingia kwapani.

Mmoja wa walioonyesha jambo hili waziwazi zamani alikuwa Galenus, tabibu Mgiriki aliyezaliwa Pergamo mwaka 129. Mwaka 157 aliwekwa kuwatibu watu waliopigana kwa silaha mbele ya makutano, na katika vidonda vyao alijifunza mengi. Baadaye huko Roma aliletewa mwalimu mmoja aitwaye Pausanias. Vidole vyake viwili vya mwisho na nusu ya kile cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Matabibu wengine walikuwa wakipaka dawa vidoleni bila faida. Galenus hakutazama vidole tu, aliuliza: Je, umeanguka? Akajibiwa kwamba naam, alianguka garini, akapigwa na jiwe mgongoni karibu na shingo. Basi Galenus alichukua dawa zile zile akaziweka pale juu, na vidole vikapona. Hatujui kama ni dawa iliyomponya au siku zenyewe, lakini swali lake lilikuwa la kweli.

Hata hivyo Galenus hakupata ruhusa ya kupasua maiti za watu. Alipasua nyani na nguruwe, akaandika kana kwamba mtu ni vivyo hivyo. Vitabu vyake viliheshimiwa zaidi ya miaka elfu na mia tatu. Wengine husema Kanisa ndilo lililokataza kupasua maiti, si kweli. Amri ya Papa Bonifasi VIII ya mwaka 1299 ilikataza kukatakata na kuchemsha miili ya marehemu ili mifupa isafirishwe mbali. Muda mfupi baadaye Mondino alikuwa akipasua maiti huko Bologna mbele ya wanafunzi wake. Taabu ilikuwa nyingine: mwalimu alikaa kitini akisoma Galenus, mtumishi akakata, na macho yakaamini kitabu.

Andreas Vesalius aliondoa desturi hiyo. Alizaliwa Brussels mwaka 1514, akasoma Leuven na Paris. Karibu na Leuven alipanda mti wa kunyongea wahalifu, akachukua mifupa ya mtu aliyekauka juu yake, akaileta nyumbani kwa siri. Hatusifu tendo hilo! Lakini huko Padua alishika kisu kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1543 alichapisha kitabu chake kikubwa. Ndani yake watu waliochunwa ngozi wamesimama wima, misuli ya bega imefunuliwa moja baada ya moja. Makosa zaidi ya mia mbili ya Galenus yalionekana. Mwaka 1564, akirudi kutoka hija ya Yerusalemu, Vesalius alifariki katika kisiwa cha Zakynthos.

Habari ya damu ilikawia zaidi. Galenus alidhani damu hutengenezwa na ini, kisha nyama inaila ikaisha. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey, aliyesoma Padua vilevile, alionyesha kwamba damu inazunguka. Alifunga mkono kwa kitambaa, akatazama mishipa inavyojaa. Ateri ya mkono inapita juu ya ubavu wa kwanza, inaingia kwapani, inatoa matawi. Moja lazunguka nyuma ya mfupa pamoja na mshipa wa fahamu wa ule msuli wa pembe tatu. Kwa hiyo bega likiteguka, mshipa huo waweza kuvutika, na ngozi ya nje ya bega ikafa ganzi.

Sasa turudi kwa mtoto. Mwaka 1872 Mfaransa Duchenne aliandika habari za watoto wachanga wenye mkono wa namna ile ile baada ya kuzaliwa kwa shida. Mwaka 1874 Mjerumani Erb aligusa kwa umeme mahali padogo juu ya mtulinga, na misuli ya bega na ya kukunja kiwiko ikajikaza pamoja. Hapo hukutana mizizi ya tano na ya sita ya shingo. Bega likivutwa mbali na kichwa, hiyo ndiyo inayoumia kwanza.

Tuliwaonyesha wazee wa nyumba ile mahali hapo kwa kidole, juu ya mtulinga wa mtoto. Tuliwaambia pia kwamba wengi wa watoto hao hupona, lakini wasikawie kufika kwa daktari. Walinyamaza kwa muda mrefu. Mtoto alipelekwa hospitali, mama akafundishwa kuunyoosha mkono taratibu kila siku. Mwezi wa tatu alianza kukunja kiwiko. Bega lilikawia.